Kuoa, Kuolewa na Kuozwa: Kauli za Kitenzi na Nafasi ya Mwanamke katika Jamii Itawaliwayo na Wanaume

1.0 Utangulizi

Kiswahili ni miongoni mwa lugha ambazo sarufi yake haimtengi mwanamke na mwanamume. Kiwakilishi *yeye* ni kimoja kwa wote wawili, na kiambishi *a-* cha ngeli ya kwanza humhusu mfalme na mjakazi, shangazi na mjomba, bila ya kubagua. Msomaji wa hadithi anaweza kupitia kurasa kadhaa kabla ya kung'amua kama mhusika anayesimuliwa ni wa kike au wa kiume. Majina ya vyeo nayo ni hivyo hivyo: mwalimu, hakimu, mwenyekiti, rais. Samia Suluhu Hassan alipoapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania tarehe 19 Machi 2021, maneno ya Kiswahili ya kumtajia mkuu wa nchi yalikuwa yale yale yaliyotumika kwa waliomtangulia. Wazungumzaji wa Kifaransa au Kiarabu wasingeweza kulikwepa suala hilo kwa wepesi namna hiyo.

Kutokana na hali hii, mara kwa mara hutolewa hoja kwamba Kiswahili ni lugha ya usawa, na kwamba dhuluma anayotendewa mwanamke katika jamii inayokizungumza imetoka penginepo, si katika lugha. Hoja hii ina ukweli ndani yake, lakini inaishia kwenye ngeli na viwakilishi. Haifiki kwenye vitenzi, na katika Kiswahili vitenzi ndivyo vinavyobeba mzigo mkubwa wa maana. Makala haya yanakusudia kukichunguza kitenzi kimoja, *-oa*, pamoja na maumbo yaliyonyambuliwa kutokana nacho, ili kuonyesha ni kitu gani hasa kinachosemwa pale inaposemwa kwamba mtu ameoa, ameolewa au ameozwa. Litaguswa pia, kwa ufupi, suala la vitenzi vingine vinavyohusu uzazi na kazi za nyumbani.

2.0 Mtenda, mtendwa na yule wa tatu

Tuchukue mifano ifuatayo:

(1) a. Juma amemwoa Asha.
b. Asha ameolewa na Juma.
c. *Asha amemwoa Juma.

(2) Mzee Hamisi amemwoza binti yake kwa Juma.

(3) Asha ameozwa.

(4) Asha na Juma wameoana.

Sentensi (1c) imetiwa alama ya nyota kwa sababu wazungumzaji wengi huikataa. Lakini hawaikatai kwa namna wanavyoikataa sentensi yenye kosa la upatanisho. Mtu akisema *kitabu amepotea*, msikilizaji atadhani kwamba msemaji bado hajaijua lugha. Akisema *Asha amemwoa Juma*, msikilizaji atacheka, au atauliza kulikoni. Kicheko hicho ni ushahidi. Kinaonyesha kwamba sentensi yenyewe inaeleweka, na kwamba kinachokiukwa ni kanuni ya jamii iliyojificha ndani ya kitenzi. Jambo hili litarejewa katika sehemu ya nne.

Katika (1a) na (1b) yanaonekana mahusiano ya kawaida ya kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa. Tofauti na vitenzi vingi, hata hivyo, ni kwamba nafasi hizi mbili hazibadilishani wenyewe. Mtu anaweza kupiga leo na kupigwa kesho, kusifu na kusifiwa. Kwa kitenzi *-oa*, mwanamume hukaa daima upande wa mtenda, na mwanamke upande wa mtendwa. Mfano huu una wenzake wengi: kuposa na kuposwa, kuacha na kuachwa, kutoa mahari na kutolewa mahari. Hata *-oleka*, yaani kuwa na sifa za kuolewa, husemwa juu ya mwanamke tu. Hakuna neno la mkato la kumwelezea mwanamume mwenye sifa za kuoa, labda kwa sababu haikutarajiwa kwamba sifa zake zingepimwa.

Mfano (2) unamwingiza mtu wa tatu, na kwa maoni ya makala haya hapo ndipo penye kiini cha jambo. Umbo *-oza*, na mwenzake *-ozesha*, lina mtendaji ambaye si bibi harusi wala si bwana harusi. Ni mzazi, walii, au kadhi. Kwa Waislamu wa mwambao, ambao kwa wingi wao hufuata madhehebu ya Shafii, hii ndiyo sura halisi ya akdi: walii wa binti na mwanamume anayeoa hushikana mikono, mmoja akitoa na mwingine akipokea, ilhali binti yuko ndani pamoja na wanawake, akiwa ameshaendewa kutakwa idhini. Yafaa kukumbuka kwamba mwana wa kiume naye huozwa. Baba wa zamani alimwoza mwanawe mke, na mwana hakuwa na kauli kubwa. Tofauti ni kwamba kijana aliyeozwa leo husemwa kesho kuwa ameoa, akakiingia kitenzi kwa mlango wa mtenda. Binti aliyeozwa husemwa kuwa ameolewa. Ametoka katika kutendwa kumoja akaingia katika kwingine.

Hapa pana nukta inayoweza kuonekana ndogo, lakini ina athari kubwa nje ya sarufi. Kauli ya kutendwa humruhusu msemaji kumwacha mtenda bila ya kumtaja. Kati ya *mwanafunzi ameolewa* na *mwanafunzi ameozwa* ipo tofauti ya shahidi anayetaja mhalifu na shahidi anayesema kwamba jambo limetokea tu. *Ameolewa* humwelekeza msikilizaji kwa mume. *Ameozwa* humwelekeza kwa mzazi aliyepokea mahari. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliweka umri wa chini wa miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, na kumtaka msichana aliye chini ya miaka 18 apate ridhaa ya baba au mlezi wake. Mahakama Kuu ilivitamka vifungu hivyo mwaka 2016 kuwa vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Katika mjadala mrefu uliozunguka shauri hilo, waliotetea umri mdogo walizungumzia zaidi haki ya binti *kuolewa*; waliopinga walizungumzia watoto *kuozwa*. Pande mbili zilikuwa zinazungumzia vitendo viwili tofauti, kila mmoja ukiwa na mtenda wake, na huenda hiyo ni sababu mojawapo ya kutosikilizana.

(Kwamba *-oza* ya kuozesha na *-oza* ya kuharibika zinafanana kimatamshi ni sadfa tu. Ni sadfa ambayo watunzi wa mafumbo hawajaiacha ipite bure, lakini isichukuliwe kuwa ushahidi wa asili ya neno.)

3.0 Je, kutendwa ni kutawaliwa?

Baadhi ya wachambuzi hurukia haraka kusema kwamba mwanamke wa Kiswahili anadhulumiwa kwa sababu anaolewa, na kwamba dawa ni kukifuta kitenzi hicho na mahali pake kukiweka *-oana* au *-funga ndoa*. Kabla ya kuikubali dawa hiyo yafaa kutazama lugha za jirani.

Mgawanyo wa aina ya *-oa/-olewa* si wa Kiswahili peke yake. Kishona kina *kuroora* kwa mwanamume na *kuroorwa* kwa mwanamke, mpangilio ule ule kabisa. Kiganda kinatumia vitenzi viwili visivyo na mzizi mmoja: mwanamume *okuwasa*, mwanamke *okufumbirwa*, na hiki cha pili kimejengwa juu ya kitenzi cha kupika, kikiwa katika kauli ya kutendwa. Lakini Kizulu kinatupa kinyume chake. Humo mwanamke ndiye anayetenda, *ukugana*, na mwanamume mwenye mke huelezwa kwa kauli ya kutendwa, *oganiwe*. Kama kauli ya kitenzi ingekuwa ndiyo kipimo cha mamlaka, basi ingetarajiwa mwanamke wa Kizulu wa karne ya 19 awe na mamlaka juu ya mumewe, ng'ombe wake na watoto wake. Historia haionyeshi hivyo hata kidogo. Mahari ya ng'ombe yalitoka kwa wanaume kwenda kwa wanaume, na ukoo ulihesabiwa kwa baba.

Ushahidi wa aina hiyo hiyo umo katika fasihi ya Kiswahili yenyewe. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni waadhi wa mama kwa bintiye Mwana Hashima. Mtunzi alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepigana na Seyyid Said wa Zanzibar. Sehemu kubwa ya utendi huo inahusu namna ya kuishi na mume. Mhakiki akivihesabu vitenzi vya sehemu hiyo atapata jambo la ajabu kidogo: karibu vyote mtenda wake ni mke. Yeye ndiye anayempepea mume aliyelala, yeye ndiye anayemlisha na kumtunza mwili wake, yeye ndiye anayesubiri aamke. Mume hulala, huridhika, hupewa. Kwa mujibu wa sarufi, mwanamume wa utendi huu ni mtendwa mtupu, na hata mtoto mchanga aweza kulinganishwa naye. Lakini radhi yake ndiyo ufunguo wa mkewe siku ya kiyama, na bila ya ruhusa yake mke hatoki mlangoni. Tangu Alice Werner na William Hichens walipouchapisha utendi huu pamoja na tafsiri yake mwaka 1934, wahakiki wamebishana kama ni mafunzo ya utii au ni kejeli iliyovishwa nguo za utii. Makala haya hayatauamua ubishi huo. Yanachotaka kuonyesha ni kwamba kutenda sana si kutawala. Mtumwa hutenda kutwa nzima.

Kwa hiyo kauli ya kutendwa, kwa nafsi yake, haithibitishi lolote. Swali linalofaa kuulizwa ni hili: *-oa* inatazama nini? Mtenda wa kitenzi hiki ametambulishwa kwa maumbile yake ya kiume, au kwa kitu kingine ambacho kwa kawaida wanaume ndio walio nacho?

4.0 Wanawake wanaooa na wanaume wanaoolewa

Jibu linapatikana pale ambapo (1c), sentensi iliyotiwa nyota, inakubalika bila ya kicheko.

Miongoni mwa Wakurya wa mkoa wa Mara, mwanamke asiye na mtoto wa kiume, mara nyingi mtu mzima na pengine mjane, anaweza kutoa ng'ombe kwa wazazi wa msichana na kumchukua kuwa mke katika nyumba yake. Desturi hii hujulikana kwa jina la *nyumba ntobhu*. Msichana huzaa na mwanamume anayekubalika, na watoto wanaozaliwa huwa wa nyumba ya yule mama, wakirithi kwa jina lake. Desturi za namna hiyo ziko pia kwa Wanandi na Wakamba wa Kenya. Wakamba humwita mke anayeolewa hivyo *iweto*. Hazifanani kwa kila jambo. Kwa Wanandi, mwanamke aliyeoa hutazamwa na jamii kuwa mwanamume, na hutarajiwa kuacha baadhi ya kazi na mienendo ya kike. Kwa Wakurya, mara nyingi bibi harusi humhesabu mwoaji kama mama mkwe, kana kwamba ameolewa na mtoto wa kiume ambaye hakuzaliwa, au na nyumba yenyewe.

Lililo muhimu kwa mada hii ni lugha inayotumika. Mkurya anapoisimulia desturi hii kwa Kiswahili husema, bila ya kusita, kwamba mama fulani *ameoa*. Hasemi *wameoana*, wala hatafuti neno jipya. Kitenzi kinamkubali mwanamke kuwa mtenda mara tu anapokuwa ametoa ng'ombe, ana nyumba, na uzao utahesabiwa kwake. Hapa utambulisho wa kijinsia unatenganishwa kabisa na maumbile: uume wa *-oa* ni uume wa zizi na wa ukoo. Ikumbukwe, ili picha isipambwe kupita kiasi, kwamba katika ndoa hii yupo bado mtu anayeolewa. Yule msichana ametolewa mahari kama wenzake, na mara nyingine hakuulizwa. Uwezo wa mwanamke mmoja umesimama juu ya mabega ya mwanamke mwingine.

Upande wa pili ni wanaume wanaosemwa kuwa *wameolewa*. Usemi huu ni wa mitaani, lakini umeenea tangu Mombasa hadi Kigoma, na maana yake haina utata: mwanamume huyo anaishi katika nyumba ya mkewe, anakula kwa jasho la mkewe, au kauli yake nyumbani haisikilizwi. Kutokana na wimbo wa *Mario* wa Franco na kundi la T.P.O.K. Jazz, uliotoka mwaka 1985 na kuimbwa kwa Kilingala, Kiswahili cha Tanzania kimepata nomino *marioo* kwa kijana anayetunzwa na mwanamke. Nchini Kenya mwanamume wa namna hiyo huambiwa *amekaliwa*, mara nyingine kwa nyongeza kwamba *amekaliwa chapati*. Tanzania mume anayemsikiliza mkewe kuliko kawaida hudhaniwa *amelishwa limbwata*.

Semi hizi zote, *ameolewa*, *amekaliwa*, *amelishwa*, zimo katika kauli ya kutendwa. Sarufi imetumiwa kuwa ndiyo tusi. Mwanamume anafedheheshwa kwa kuwekwa mahali pa kisarufi ambapo mwanamke huwekwa kila siku pasipo fedheha, au tuseme pasipo mtu kuiona fedheha hiyo. Hali ya mume mwenye upendo na mwenye kusikiliza inakuwa haina jina zuri. Lugha ina jina kwa mume mkali na jina kwa mume aliyerogwa, lakini kati ya hao wawili kuna pengo.

Kwa mwanamke anayeshika madaraka ya kiume, Kiswahili kina *jikedume*. Neno hili ni sifa na ni shutuma kwa wakati mmoja, na kama anayetajwa amesifiwa au amelaumiwa inategemea toni ya msemaji. Mwanamke shupavu haelezwi kuwa ni mwanamke zaidi. Anaelezwa kuwa amekopa nusu ya udume. Mpangilio huo wa thamani uko pia katika viungo vya mwili. Mkono wa kulia ni *mkono wa kuume*, na kamusi za zamani zimehifadhi *mkono wa kuke* kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kuume ndio unaoliwa chakula na kutolewa sadaka.

Lakini ushahidi wa mwambao wenyewe unazuia mtu asiharakishe. Katika miji ya mawe kama Lamu, familia zenye uwezo zilikuwa na desturi ya kumpa binti nyumba, au sehemu ya nyumba, anapoolewa, na mume ndiye aliyehamia humo. Katika arusi za Waswahili bwana harusi ndiye *anayeingia*. Fungate huliwa kwa upande wa bibi harusi, na chakula hutoka kwa wazazi wake. Kwa kipimo cha mitaani cha leo, waungwana wa Lamu walikuwa wameolewa wote. Mbona hawakuchekwa? Inavyoelekea, nyumba ile ilihesabiwa kuwa ni ya baba mkwe na ukoo wake, si ya mke kwa nafsi yake, na mume aliingia akiwa ametoa mahari na akiwa na daraja iliyolingana nao. Alikuwa mgeni wa mwanamume mwenziwe. Fedheha ya kuolewa huanza pale nyumba inapokuwa ya mwanamke mwenyewe, kwa fedha yake mwenyewe. Ikiwa ufafanuzi huu ni sahihi, basi tusi la *ameolewa* lina uhusiano na kukua kwa kipato cha wanawake mijini, na wingi wake siku hizi ni dalili ya mabadiliko ambayo lugha inayapinga kwa kuyacheka.

5.0 Kupata mimba, kukaa nyumbani

Nje ya ndoa viko vitenzi viwili vinavyostahili kutajwa, kwa sababu makosa yake yamewagharimu wanawake zaidi ya maneno.

Cha kwanza ni *kupata mimba*. Imekwishaonekana kwamba kauli ya kutendwa huweza kumficha mtenda. *Kupata mimba* hufanya zaidi ya hapo: humfanya msichana kuwa mtenda, na mwanamume hatajwi wala haachiwi nafasi ya kutajwa. *Kutiwa mimba* au *kupewa mimba* angalau huacha swali: na nani? Kwa miaka mingi wanafunzi wa Tanzania walifukuzwa shule kwa kosa lililoandikwa kwamba wamepata mimba, na sentensi hiyo ilikuwa kamili kisarufi bila ya mtu wa pili. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, ikaweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi; hapo ndipo mtenda alipopewa kiambishi chake. Msichana naye aliendelea kufukuzwa hadi Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba wanafunzi waliojifungua wataruhusiwa kurejea katika shule za kawaida.

Cha pili ni *kukaa*. Mwanamke anayeamka alfajiri, akateka maji, akapika, akafua, akalea, husemwa kwamba *anakaa nyumbani*, na mara nyingi kwamba *anakaa tu*. Vijana wa Tanzania wamemzulia jina la *golikipa*. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikabiliwa na maana ya kitenzi hiki mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif. Sheria ya Ndoa inataka, mali inapogawanywa baada ya talaka, utazamwe mchango wa kila mmoja katika kuipata mali hiyo. Je, mke aliyekaa nyumbani amechangia? Mahakama ilijibu kwamba kazi za nyumbani ni mchango, na jibu hilo limekuwa nguzo ya mashauri yaliyofuata. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa sababu mumewe alikuwa amekwisha kumpa fedha za kuanzishia biashara, naye akaonekana kuzitumia vibaya. Alishinda kwenye hoja akashindwa kwenye mali. Lakini tangu hapo, mbele ya sheria, *kukaa* kumekuwa kitenzi chenye tendo ndani yake. Mitaani bado.

6.0 Tatizo la mfasiri

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Kwa wanaisimu hii ilikuwa habari njema. Kwa mfasiri wa Sheria ya Ndoa ilikuwa mwanzo wa kazi ngumu. Sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo kitenzi chake cha kuoa ni kimoja kwa mume na kwa mke, na hakionyeshi nani kamfanya nani. Kila kinapotokea, mfasiri analazimika kuamua jambo ambalo mtunga sheria hakuliamua.

Akiandika *kuoa au kuolewa*, atakuwa ameandika Kiswahili kinachoeleweka na kila mtu, na atakuwa ameingiza katika sheria mgawanyo ambao haukuwamo. Akiandika *kufunga ndoa*, atapata usawa, lakini atakuwa na istilahi inayoelekea kwenye siku ya arusi kuliko hali ya kuwa katika ndoa, na isiyonyambulika kwa urahisi. *Kuoana* kuna usawa pia, ila kiambishi *-an-* hudai watu wawili kila mara. Sentensi kama *mtu aliyeoana* huning'inia hewani, ikimtafuta mwenzi wake. Fomu za serikali zimejaribu kupita pembeni kwa kuuliza *hali ya ndoa*, kisha chini yake zikaorodhesha *ameoa* na *ameolewa*, zikarudi pale pale zilipokuwa zikipakimbia.

Katika vifungu vya umri na ridhaa tatizo hili si la ladha. Sheria ya 1971 inasema kwamba ndoa ni muungano wa hiari. *Kuolewa* kwa hiari kunawezekana. *Kuozwa* kwa hiari ni maneno yanayogombana. Mfasiri anayekitafsiri kifungu cha ridhaa ya baba lazima aseme kama baba huyo anaridhia binti yake *aolewe*, hali ambayo tendo ni la vijana wawili na baba ni shahidi, au kama baba ndiye *anayemwoza*. Hakimu wa mahakama ya mwanzo atakayesoma kifungu hicho, mbele ya msichana na mzee aliyekwisha kupokea ng'ombe, atahukumu kwa kufuata kitenzi kilichochaguliwa. Wanakamusi nao, ambao wamezoea kuieleza *-oa* kwa upande wa mwanamume peke yake, wana kazi ya kuiandika upya fasili hiyo kwa namna itakayompa nafasi mama wa nyumba ntobhu wa Tarime, ambaye amekuwa akioa kwa Kiswahili muda wote huu bila ya kuingizwa katika kamusi.